Siku za Kwanza za Kiinitete: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipia Upandikizaji Mimba



Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwaka 2023 kwamba takriban mtu mzima 1 kati ya 6 duniani hukabiliwa na tatizo la kutopata mtoto katika kipindi fulani cha maisha yake. Baadhi yao huishia kwenye mlango wa kliniki ya upandikizaji mimba, yaani huduma ambayo yai hurutubishwa maabara na kiinitete kupandikizwa katika mji wa mimba. Hii ni miongoni mwa huduma ghali kuliko zote ambazo kaya ya kawaida huweza kununua. Wapo wanaouza kiwanja, wapo wanaochukua mkopo, na malipo hutolewa kabla matokeo hayajajulikana. Mara nyingi wanunuzi huwa wamekwisha kuchoshwa na maswali ya ndugu na majirani, na wamekwisha kujaribu dawa nyingi. Mnunuzi aliye katika hali hiyo ni rahisi kumtisha, na ni rahisi vilevile kumtuliza kwa maneno matupu.

Katika miaka ya karibuni neno jipya limeingia katika mazungumzo na matangazo ya huduma za uzazi: epijenetiki. Wapo wanaodai kwamba mtoto aliyetungwa maabara huzaliwa na dosari iliyofichika. Wapo wanaojibu kwamba hana tofauti yoyote na mwingine. Wa tatu husikiliza mabishano hayo, kisha huuza vidonge na vipimo vya kuondoa dosari hiyo. Katika somo hili tutaonyesha kwamba kauli mbili za kwanza hazijakamilika, na kwamba bidhaa za huyo wa tatu zinahitaji kutazamwa kwa makini. Baada ya kulisoma, msomaji ataweza kueleza epijenetiki ni nini, kupima ukubwa halisi wa hatari inayotajwa, na kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kutia saini na kulipa.

Jeni na makomeo yake

Karibu kila seli ya mwili wa binadamu hubeba jeni zipatazo 20,000. Seli ya ini na seli ya jicho zina jeni zile zile, lakini hazifanani kwa umbo wala kwa kazi, kwa sababu si jeni zote zinazotumika kila mahali. Tufikirie nyumba yenye vyumba 20,000. Ramani ya nyumba ni moja katika kila seli. Kinachotofautiana ni milango ipi iliyo wazi na milango ipi iliyofungwa kwa komeo. Elimu inayochunguza makomeo hayo ndiyo epijenetiki. Jina hilo lilibuniwa mwaka 1942 na mwanasayansi Mwingereza, Conrad Waddington.

Komeo linalofahamika zaidi ni kemikali ndogo iitwayo methili, ambayo hujibandika juu ya uzi wa vinasaba. Kwa kawaida, penye methili nyingi jeni hunyamaza. Malighafi ya methili hutoka katika chakula: foliki iliyomo katika mboga za majani na maharage, vitamini B12 iliyomo katika nyama, samaki, maziwa na mayai, na kolini ambayo ni nyingi katika kiini cha yai la kuku.

Zipo pia jeni zipatazo 100 zinazokumbuka zilikotoka. Baadhi hufanya kazi kwa nakala iliyotoka kwa baba tu, nyingine kwa nakala iliyotoka kwa mama tu. Hizi tutaziita jeni zenye chapa ya mzazi. Mojawapo, iitwayo IGF2, huchochea ukuaji wa mtoto tumboni, na kwa kawaida nakala ya baba ndiyo inayofanya kazi huku ya mama ikinyamaza.

Jambo la kushika hapa ni kwamba komeo si ufa ukutani. Alama ya epijenetiki haibadilishi maandishi ya jeni. Nyingi za alama hizi huweza kubadilika kadiri mtu anavyokua, anavyokula na anavyozeeka.

Kwa nini siku za kwanza zina uzito

Yai na mbegu ya kiume hukutana, kila kimoja kikiwa na makomeo yake. Katika siku chache zinazofuata, sehemu kubwa ya makomeo hayo huondolewa, kisha mapya hupachikwa kadiri kiinitete kinavyojiandaa kujishikiza katika mji wa mimba. Jeni zenye chapa ya mzazi zinatakiwa kulinda alama zake katika kipindi chote hicho cha kupangua na kupanga upya. Hakuna wakati mwingine katika maisha ya binadamu ambapo makomeo mengi kiasi hicho hubadilishwa kwa muda mfupi namna hiyo.

Katika mimba ya kawaida, kazi hii hufanyika ndani ya mrija wa uzazi, penye giza, joto la mwili na oksijeni kidogo. Katika upandikizaji, hufanyika ndani ya chombo cha maabara, katika kimiminika kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, kwa muda wa siku 3 hadi 6. Kabla ya hapo mama huwa amechomwa sindano za homoni ili mayai mengi yapevuke kwa mkupuo mmoja. Wakati mwingine mbegu moja huingizwa ndani ya yai kwa sindano nyembamba sana. Baadaye kiinitete huweza kugandishwa na kuhifadhiwa. Kwa hiyo ni swali la haki kuuliza: je, hatua hizi huyagusa makomeo?

Funzo la njaa na la majira

Kabla hatujaingia maabara, ni vema kujua kwamba mimba inayotungwa nyumbani nayo hupokea alama za mazingira. Mifano miwili inayojulikana sana inatoka Uholanzi na Gambia.

Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1944 hadi ukombozi wa Mei 1945, miji ya magharibi ya Uholanzi, iliyokuwa chini ya jeshi la Ujerumani, ilikumbwa na njaa kali. Mgawo wa chakula wa mtu mzima ulishuka chini ya kalori 1,000 kwa siku. Miongo 6 baadaye, watafiti walichunguza damu ya watu 60 ambao mimba zao zilitungwa katika njaa hiyo, wakawalinganisha na ndugu zao wa jinsia ile ile ambao hawakuipitia wakiwa tumboni. Matokeo yalitolewa mwaka 2008. Waliotungwa katika njaa walikuwa na methili pungufu kwa takriban asilimia 5 katika jeni ya IGF2. Waliokutwa na njaa wakiwa katika miezi ya mwisho tumboni hawakuonyesha upungufu huo. Wakati wa kutungwa ndio uliotofautisha.

Huko Gambia, katika vijiji vya Kiang Magharibi, maisha hufuata mvua. Baada ya mavuno ghala huwa na akiba. Mvua zinaporudi akiba huisha huku kazi za shamba zikipamba moto. Utafiti uliotolewa mwaka 2014 ulionyesha kwamba watoto waliotungwa katika kilele cha mvua na wale waliotungwa katika kilele cha kiangazi walitofautiana alama katika sehemu kadhaa za vinasaba vyao. Tofauti hizo zilihusiana na kiasi cha virutubishi katika damu ya mama wakati mimba inatungwa.

Mifano hii inatupa kipimo cha haki. Hakuna kiinitete kinachoanza maisha mahali pasipo na athari yoyote. Kinachofaa kuulizwa kuhusu maabara ni kama alama zake ni kubwa, kama hudumu, na kama zina madhara.

Kimiminika cha maabara

Watu wa mifugo waliliona jambo hili mapema. Baadhi ya ndama na wanakondoo waliotokana na viinitete vilivyokuzwa katika kimiminika chenye seramu, yaani maji ya damu, walizaliwa wakubwa kupita kiasi. Mwaka 2001 watafiti wa Taasisi ya Roslin, Scotland, walionyesha kwamba vijusi vya kondoo vya namna hiyo vilikuwa vimepoteza methili katika jeni moja yenye chapa ya mzazi inayodhibiti ukuaji.

Kwa binadamu, kisa mashuhuri kinatoka Maastricht, Uholanzi. Mwaka 2010 watafiti wa huko waliripoti kwamba watoto wasio mapacha, waliotokana na viinitete vilivyokuzwa katika aina mbili tofauti za kimiminika, walitofautiana uzito wa kuzaliwa kwa karibu gramu 250. Kwa kuwa jambo hilo lilileta ubishi, kliniki 6 za Uholanzi zilifanya jaribio la kura kwa wenzi 836: nusu walipangiwa kimiminika cha aina moja, nusu cha aina nyingine. Matokeo ya mwaka 2016 yalithibitisha tofauti ya gramu 158. Tena kimiminika kilicholeta watoto wepesi zaidi ndicho kilichotoa viinitete vingi zaidi vilivyofaa kupandikizwa. Basi hapakuwa na kimiminika kilichokuwa bora kwa kila kitu.

Gramu 158 hazifiki hata robo kilo, na mzazi aliyembeba mtoto wake hawezi kuzihisi. Uzito wa kuzaliwa pia si komeo la jeni. Uchunguzi wa baadaye wa kondo za nyuma kutoka katika jaribio hilo haukukuta tofauti ya methili baina ya makundi mawili katika jeni zenye chapa ya mzazi zilizopimwa. Hata hivyo kisa hiki kinatufundisha kama walaji kwamba kimiminika si maji tu, na kwamba chaguo la kliniki ambalo mteja haambiwi huweza kumgusa mtoto. Mara nyingi mtungo kamili wa vimiminika hivi ni siri ya watengenezaji. Huna uwezo wa kuisoma siri hiyo, lakini una haki ya kujua jina la kimiminika kilichotumika na kuandikiwa katika jalada lako.

Namna ya kusoma hesabu ya "mara kumi"

Kuanzia mwaka 2002 na 2003 madaktari wa nchi kadhaa waliona kwamba ugonjwa mmoja adimu, uitwao Beckwith-Wiedemann, ulijitokeza zaidi miongoni mwa watoto waliotokana na upandikizaji. Ugonjwa huu hutokana na hitilafu katika eneo lenye jeni za chapa ya mzazi, ikiwamo IGF2. Mtoto huweza kuzaliwa na mwili mkubwa, ulimi mkubwa, kasoro katika ukuta wa tumbo, au sukari ya damu iliyoshuka. Baadhi hupata uvimbe wa saratani kwenye figo au ini katika miaka ya utotoni. Ukitambuliwa mapema, watoto hufuatiliwa kwa vipimo vya picha, na wengi hukua vizuri.

Makadirio ya ongezeko la hatari yanatofautiana, mengi yakiwa kati ya mara 4 na mara 10. Hapo ndipo tunapoomba utulivu wa msomaji. "Mara 10" ni maneno mazito, lakini maana yake hutegemea mahali hesabu ilipoanzia. Katika mimba za kawaida ugonjwa huu humpata mtoto 1 kati ya watoto 10,000 au zaidi. Tukichukua kadirio kubwa kabisa na kuzidisha mara 10, tunapata mtoto 1 kati ya 1,000. Wale 999 hawaupati.

Kila unaposikia hatari imeongezeka mara kadhaa, uliza: "Kutoka wangapi hadi wangapi?" Swali hilo moja litakulinda dhidi ya vitisho vingi. Pia lisitumike kufuta ukweli: mtoto 1 kati ya 1,000 ni mtoto wa mtu. Kwa sababu hiyo tunashauri kwamba daktari anayempokea mtoto wako aambiwe mimba ilipatikanaje, ili dalili tulizozitaja zisipuuzwe. Kuficha kwa kuogopa maneno ya watu kunaweza kumnyima mtoto uangalizi anaostahili.

Je, alama hudumu?

Utafiti mkubwa wa Norway uliotolewa mwaka 2022 ulilinganisha watoto wachanga 962 waliotokana na upandikizaji na 983 waliotungwa kwa njia ya kawaida. Vinasaba vya wazazi vilichunguzwa pia. Watoto wa upandikizaji walikuwa na tofauti ndogo ndogo za methili zilizotapakaa sehemu nyingi, na tofauti hizo hazikuweza kuelezwa kwa alama za wazazi wao. Kwa maneno mengine, si haki kudai kwamba hakuna tofauti yoyote.

Lakini utafiti wa Australia uliotolewa mwaka 2019 uliongeza sehemu ya pili ya habari. Watafiti walichunguza damu ya watu 158 waliozaliwa kwa upandikizaji wakiwa wamekwisha kuwa watu wazima, pamoja na damu yao au ya wenzao iliyohifadhiwa tangu kuzaliwa. Tofauti zilizoonekana katika damu ya kuzaliwa zilikuwa zimetoweka kwa sehemu kubwa utu uzima ulipofika, na watafiti hawakupata ushahidi wa moja kwa moja kwamba ziliathiri makuzi au afya. Makomeo mengi yaliyokuwa yamekaa upande yalikuwa yamejirekebisha.

Mtoto wa kwanza wa upandikizaji duniani, Louise Brown, alizaliwa Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978. Alipokuwa mtu mzima alipata watoto wake bila msaada wa maabara. Tangu alipozaliwa yeye, zaidi ya watoto milioni 10 wamezaliwa kwa njia hiyo, na walio wengi wana afya njema. Hatari iliyo kubwa na iliyothibitika zaidi ya huduma hii haiko kwenye makomeo. Iko kwenye mapacha. Viinitete 2 au 3 vikipandikizwa kwa pamoja, uwezekano wa kuzaa watoto njiti huongezeka sana, na mama naye hukabiliwa na shinikizo la damu na kutokwa damu nyingi. Ubelgiji iliona hivyo: tangu mwaka 2003 imegharamia maabara ya upandikizaji kwa sharti la kupunguza idadi ya viinitete vinavyowekwa, na mwanamke kijana hupandikiziwa kimoja tu katika jaribio la kwanza.

Usiuziwe mbuzi kwenye gunia

Sasa tuyatazame matangazo. Tutachukua madai ya aina tatu.

Dai la kwanza: "Virutubishi vyetu hurekebisha epijenetiki ya kiinitete." Dai la namna hii mara nyingi huegemea jaribio la panya lililochapishwa Marekani mwaka 2003. Panya wa kike walilishwa foliki, vitamini B12, kolini na betaini kwa wingi, na watoto wao wakazaliwa na manyoya ya kahawia zaidi badala ya ya manjano, kwa kuwa jeni moja ilikuwa imefungwa kwa methili. Jaribio ni la kweli, na ni zuri. Lakini panya hao walikuwa wa koo maalumu, na methili zaidi kwenye jeni moja inaweza kuwa heri mahali pamoja na shari mahali pengine. Mtu akikuuzia kidonge kwa hoja hiyo, mwombe akuonyeshe jaribio lililofanywa kwa wanawake, lenye matokeo ya watoto waliozaliwa. Asipokuwa nalo, weka fedha zako mfukoni.

Dai la pili: "Tunapima epijenetiki ya kiinitete kabla ya kupandikiza." Kipimo cha vinasaba kinachouzwa na kliniki nyingi huchukua seli chache za kiinitete na kuhesabu kromosomu, au kutafuta ugonjwa mahususi wa kurithi. Hakisomi makomeo. Ukiambiwa kwamba kinasoma, omba jina la kipimo kwa maandishi, eleza kwamba utaliuliza kwa daktari mwingine, na usilipe siku hiyo hiyo.

Dai la tatu: "Kwetu ni asilia, hakuna athari yoyote." Kauli hii ni tamu, na ni ya uongo kwa wema au kwa ubaya. Kliniki inayojiheshimu itakwambia kwamba tofauti zipo, kwamba nyingi ni ndogo, na kwamba mambo mengine bado yanachunguzwa.

Nchini Uingereza mamlaka ya serikali inayosimamia urutubishaji na viinitete, HFEA, imechapisha orodha ya huduma za ziada zinazouzwa na kliniki, kila moja ikipewa rangi kulingana na nguvu ya ushahidi wake. Orodha hiyo iko wazi kwa kila mtu kwenye intaneti. Ukitajiwa huduma ya ziada hapa nyumbani, itafute humo kabla ya kukubali.

Yaliyo mikononi mwenu kabla ya mimba

Yapo mambo ambayo wenzi wanaweza kuyafanya wenyewe, kwa gharama ndogo, iwe mimba itatungwa nyumbani au maabara.

Kwanza, foliki asidi. Mwanamke anayetarajia kushika mimba anashauriwa kumeza mikrogramu 400 kila siku tangu kabla ya kutunga mimba hadi wiki ya 12. Faida iliyothibitika ni kuzuia mgongo wazi na kasoro nyingine za ubongo na uti wa mgongo. Mfereji unaofanya uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 tangu kutungwa, mara nyingi kabla mwanamke hajajua kwamba ni mjamzito. Tanzania na Kenya zina kanuni za kuongeza foliki asidi katika unga unaosagwa viwandani, lakini unga wa mashine ya mtaani kwa kawaida hauna nyongeza hiyo. Aliyewahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au anayetumia dawa za kifafa, huhitaji dozi kubwa kwa maelekezo ya daktari. Kwa wengine, kuzidisha dozi hakuzidishi faida.

Pili, baba asikae pembeni. Mbegu za kiume huchukua kama miezi miwili na nusu kutengenezwa, na nazo hubeba makomeo. Tafiti zimeonyesha kwamba alama katika mbegu za wanaume wavutaji sigara na za wanaume wenye uzito uliozidi hutofautiana na za wengine. Kwa hiyo mwanamume aache sigara, apunguze pombe na ashughulikie uzito angalau miezi mitatu kabla ya siku ya kliniki. Na apimwe. Kumsukumia mke peke yake safari za hospitali ni kupoteza muda na fedha, kwa kuwa sehemu kubwa ya matatizo ya uzazi humhusu mwanamume.

Tatu, sukari na shinikizo la damu vidhibitiwe kabla, si baada. Kiinitete hakisubiri mama aanze kliniki ya wajawazito.

Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

Nendeni wawili, mkiwa na daftari. Ulizeni maswali yafuatayo na mwandike majibu.

1. Je, tumepimwa sote wawili, na upandikizaji ndiyo njia pekee iliyobaki kwetu? Wakati mwingine dawa za kupevusha yai au upasuaji mdogo hutosha.

2. Je, mnakusudia kutumia sindano ya kuingiza mbegu ndani ya yai? Kama mbegu za baba ni nzima, sababu ya kuitumia ni ipi?

3. Mtapandikiza viinitete vingapi, na kwa nini si kimoja?

4. Viinitete hukuzwa kwa siku ngapi, katika kimiminika gani, na je, jina lake litaandikwa katika jalada letu?

5. Je, kiinitete kitapandikizwa kikiwa kibichi au baada ya kugandishwa? Watoto wa viinitete vilivyogandishwa huelekea kuwa wazito kidogo, na wa vibichi kuwa wepesi kidogo. Mama aliyepandikiziwa kilichogandishwa huhitaji kufuatiliwa zaidi shinikizo la damu. Elezeni hali ya afya ya mama ili uamuzi uizingatie.

6. Kwa wanawake wa umri wa mke wangu, ni wangapi kati ya 100 walioanza matibabu hapa ambao walirudi nyumbani na mtoto? Msiridhike na idadi ya vipimo vya mimba vilivyosoma "ndiyo".

7. Gharama yote ni kiasi gani, pamoja na dawa, kugandisha na kuhifadhi kila mwaka? Mzunguko ukisitishwa, ni fedha ngapi zinarudishwa?

Kliniki ikikasirishwa na maswali haya, hilo nalo ni jibu. Hifadhini mkataba, risiti na nakala ya jalada. Kumbukumbu hizo zitamfaa mtoto atakapokuwa mtu mzima, kwa kuwa sayansi hii ingali inakua na huenda siku moja atataka kujua kimiminika gani kilimlea katika siku zake za kwanza.

Muhtasari wa somo

Mazingira ya siku za kutunga mimba huacha alama juu ya jeni, iwe ni njaa ya vita, majira ya mvua, au chombo cha maabara. Kwa watoto wengi wa upandikizaji alama hizo ni ndogo, na nyingi hufifia kadiri wanavyokua. Magonjwa adimu ya chapa ya mzazi huongezeka, lakini hubaki adimu, na daktari akijua asili ya mimba anaweza kuyatafuta mapema. Hakuna kidonge wala kipimo cha kununua kinachoweza kuhakikisha makomeo yote yamekaa sawasawa. Vinavyowafaa wenzi ni foliki asidi, afya ya wazazi wawili, kiinitete kimoja kwa wakati, na majibu ya wazi yaliyoandikwa.

Mzazi aliyepata mtoto kwa njia hii hana deni la kumwomba mtoto wake radhi. Amempa uhai kwa njia iliyokuwa wazi kwake. Na wenzi ambao bado wanatafakari wasiharakishwe na muuzaji wala na shangazi. Somo hili lisomwe na wote wawili, na uamuzi ufanywe pamoja.